Honda CR-V ya kwanza (RD1, 1995–2001): tunaoishi nalo, tuseme ukweli kuhusu uimara wake

#1 (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Swali la CR-V ya kwanza halikauki. Mtu anakuta RD1 inauzwa, bodi bado ipo vizuri, anauliza kama inafaa, na anapewa majibu yale yale mawili: huyu anamwambia injini ya Honda haifi, yule anamwambia gari la umri huo ni kujitafutia presha. Muulizaji anaondoka kama alivyokuja. Mimi ninalo, ndilo gari pekee la familia, na nimeshika spana mwenyewe kwenye sehemu kubwa ya kazi nitakazozitaja. Naomba wenye nalo, na waliolikimbia pia, waongeze ya kwao.

Kwa wasiolijua: lilitoka Japani Oktoba 1995, likafika Amerika ya Kaskazini mwaka 1997, na kizazi hicho kikafungwa 2001. Chini ni Civic iliyoinuliwa. Injini ni B20B, lita 2, kamshafti mbili, valvu 16, haina VTEC (mfumo wa Honda wa kubadili ufunguaji wa valvu). Kwa soko la Amerika ya Kaskazini ilianza na nguvu farasi 126, na kuanzia matoleo ya 1999 ikapandishwa hadi 146. Gia ni otomatiki ya hatua 4, mkono wake uko kwenye shingo ya usukani, au manyuo ya hatua 5. Ukifungua sakafu ya buti unakuta meza ya kukunja yenye miguu, maana ile sakafu yenyewe ndiyo meza. Wengi wameendesha miaka hawajui.

Sasa hoja yangu. Gari hili haliui mtu kwa kushtukiza. Linauawa na kazi tatu ambazo hazifanywi kwa sababu halilalamiki: tapeti (nafasi ya valvu), oili ya difu ya nyuma (gia za ekseli ya nyuma), na mkanda wa taimingi (unaozungusha kamshafti). Ukikuta RD1 ambayo hizo tatu zimefanywa kwa wakati, mengine yote ni matengenezo ya kawaida ya gari la zamani.

Nianze na tapeti, kwa sababu hapo ndipo injini nyingi za B20 zinapopotea.

Injini hii haina tapeti zinazojirekebisha kwa presha ya oili. Nafasi ya valvu inasetiwa kwa mkono, kwa skrubu na nati. Kwenye injini nyingi tulizozoea, tapeti zikilegea unasikia ta-ta-ta na unakimbilia kwa fundi. Hapa mambo yanakwenda kinyume. Valvu za kutoa moshi zinazama taratibu kwenye viti vyake, shina la valvu linapanda juu, nafasi inapungua. Kwa hiyo injini inazidi kuwa kimya kadiri inavyozidi kuharibika, na mwenye gari anasifu utulivu wake. Siku nafasi ikiisha kabisa, valvu haikai tena sawasawa kwenye kiti. Valvu ya moshi hupoa kwa kugusa kiti. Isipogusa, joto halina pa kwenda, ukingo unaungua, kompresheni (mbano wa hewa) ya silinda hiyo inaondoka. Hapo dawa si skrubu tena, ni kushusha silinda hedi.

Vipimo, injini ikiwa imepoa kabisa (kitabu kinasema chini ya nyuzi 38): valvu za kuingiza hewa mm 0.08 hadi 0.12, za kutoa moshi mm 0.16 hadi 0.20. Mimi za moshi naziweka 0.20, upande wa kulegea, kwa sababu najua zinaelekea kubana. Geji (kibamba chembamba cha kupimia nafasi) ipite kwa kukwaruza kidogo. Ikipita bila kugusa umelegeza mno. Na jamani, mkizungusha injini kwa spana kwenye puli ya krenki, izungusheni kinyume na saa. Injini za familia ya B zinazunguka kushoto ukiziangalia upande wa puli, tofauti na nyingi mlizozizoea, na nimewaona mafundi wazuri wakizungusha kulia kwa mazoea. Mfuatano wa silinda ni 1, 3, 4, 2.

Naangalia kila kilomita 40,000. Ni kazi ya asubuhi moja, spea pekee ni gasketi ya kava ya juu na raba zake, kama za zamani zimekauka.

#2

Mkuu, asante kwa uzi. La kwangu linaguna nyuma nikikata kona kali, hasa kwenye maegesho. Fundi kasema ni beringi za magurudumu, nimebadili zote mbili, mguno uko pale pale. Mwingine anasema nishushe difu lote. Nifanyeje?

#3 (mleta uzi)

#2, usishushe kitu kwanza. Mwaga oili ya difu ya nyuma.

Mfumo wa magurudumu manne wa gari hili hauna swichi. Ndani ya difu ya nyuma kuna pampu mbili: moja inazungushwa na shafti inayotoka mbele, nyingine na magurudumu ya nyuma. Magurudumu yote yakienda mwendo mmoja, pampu zinapokezana oili na hakuna presha. Ya mbele yakiteleza, pampu ya mbele inazidi mwendo, presha inajaa, inabana pakiti ya klachi, na nguvu inakwenda nyuma. Sasa kumbuka kwamba hata kwenye kona kavu mwendo wa mbele na nyuma unatofautiana kidogo. Oili ikichoka, zile klachi zinashika na kuachia, zinashika na kuachia, na huo ndio mguno wako.

Oili yake ni maalumu, Honda wanaiita Dual Pump Fluid, ya baadaye ikawa Dual Pump Fluid II. Inaingia takriban lita 1. Haipokei oili ya difu ya kawaida, ile nzito ya namba 90. Karakana moja iliwahi kunijazia hiyo, wakaniapia kwamba difu ni difu tu, na nilitoka pale na gari linaloruka nyuma kila kona. Ilinibidi niimwage, nijaze iliyo sahihi, nitembee kidogo, nimwage tena.

Ukifika chini utaona plagi mbili zenye tundu la mraba. Rachet ya 3/8 inaingia moja kwa moja bila soketi. Anza na ya juu, ya kujazia. Ukimwaga kwanza kisha ya juu ikagoma kufunguka, umebaki na difu kavu na gari halitoki hapo. Oili ikitoka nyeusi yenye harufu ya kuungua, umepata jibu lako. Jaza mpaka ianze kuchuruzika kwenye tundu la juu, funga, kisha zungusha gari kwenye uwanja mtupu usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho, kulia kisha kushoto, ili oili mpya iingie kwenye klachi.

Na angalia matairi. Yote manne yawe saizi moja na yamelika kwa kulingana. Ukiweka mapya mawili nyuma na vipara mbele, zile pampu zinadhani unateleza muda wote.

#4

Nami nichangie, ni mwanamke na gari hili nimerithi kwa kaka yangu. Shida yangu ilikuwa moja iliyonitesa kuliko zote: asubuhi linawaka vizuri, mchana likikaa juani nikirudi haliwaki. Starta inazungusha kwa nguvu zote, injini haishiki. Nikisubiri lipoe, linawaka kama hakuna kilichotokea. Nilibadilishiwa pampu ya mafuta, plagi na waya zake. Wapi.

Fundi wa tatu ndiye aliyeniuliza swali la maana: ukifungua swichi bila kupiga starta, unasikia nini? Akanifundisha. Ukiweka ON, taa ya injini inawaka kama sekunde mbili kisha inazima, na sekunde hizo hizo unasikia pampu ikivuma nyuma kwenye tangi. Siku ile ya joto hakukuwa na mvumo wowote.

Ilikuwa rilei (swichi ya umeme) kuu ya mfumo wa mafuta, kiboksi kidogo chini ya dashibodi. Alikifungua mbele yangu, akanipa lenzi. Kuzunguka mguu mmoja wa lehemu kulikuwa na ufa mwembamba wa duara, kama nywele. Joto likipanda ufa unaachana, umeme haupiti, pampu haiamki. Akayeyusha lehemu upya kwenye miguu yote, akarudisha. Halijanizimikia tena kwa sababu hiyo, na rilei ni ile ile.

Dada na kaka zangu, kabla hujauziwa pampu, sikiliza zile sekunde mbili.

#5

Niwe mkweli upande wa pili. Nililiuza na sijalikumbuka.

Injini sikuwa na tatizo nayo. Lakini barabara kuu ukiwa kasi ya 110, ukaribu wa gia zile nne unafanya injini ipige kelele mpaka mnaongea kwa kupaza sauti. Mlima wenye mzigo, hasa lile la nguvu 126, unakanyaga mpaka sakafuni na lori linakufukuza. Mafuta mjini la kwangu halikushuka chini ya lita 11 kwa kilomita 100. Bushi za mikono ya nyuma zilikufa, nyuma ikawa inatangatanga kila nikikwepa shimo. Nilipotaka kuzibadili ikaonekana boliti zimeshikana na bushi kwa kutu, zikakatwa kwa grainda.

Na otomatiki yake ilianza kuchelewa kuingia D asubuhi. Hapo ndipo nilipoondoka.

Anayesema gari hili ni imara asisahau kwamba uimara ni pamoja na kutomchosha mwenye nalo.

#6 (mleta uzi)

#5, kelele na uzito mlimani sina cha kupinga, ndivyo lilivyo. Anayetembea safari ndefu za kasi kila wiki alitafute gari jingine. Na suala la kutu ni kweli, hasa maeneo ya chumvi, iwe ya bahari au ile inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Kabla ya kununua, lala chini uangalie fremu ndogo ya nyuma na mahali mikono inaposhikia bodi. Rangi ya juu haikwambii chochote.

Lakini giaboksi kuchelewa kuingia D asubuhi, mara nyingi hiyo ni oili. Gari hili limetumia oili ya gia aina ya Z1, na Honda wenyewe baadaye wakaibadilisha kwa DW-1. Ukimwaga kwa plagi ya chini zinatoka karibu lita 3 tu, nyingine inabaki ndani ya konveta (kiunganishi cha injini na giaboksi). Mtu anamwaga mara moja, anaona rangi haijabadilika sana, anasema giaboksi imekufa. Mwaga, jaza, tembea ukipitisha gia zote, rudia mpaka mara tatu. Usikubali mashine ya kuisukuma kwa presha kwenye giaboksi ambayo haijaguswa miaka mingi. Uchafu uliotulia unaamka na kuziba valvu ndogo za ndani.

Kipimo chake nacho kinakosewa. Ni injini imepata moto, unazima, kisha unachomoa stiki ndani ya dakika moja hadi moja na nusu. Giaboksi nyingi za kampuni nyingine unapima injini ikiwa inawaka, na ukifanya hivyo hapa unapata jibu la uongo, unajaza kupita kiasi.

#7

Kuhusu mkanda, hakuna aliyeugusa bado.

B20B ni injini ambayo mkanda ukikatika pistoni zinakutana na valvu. Haina msamaha. Rafiki yangu alinunua RD1 kwa mtu aliyemwambia mkanda "ulibadilishwa tu juzi", hakuna karatasi, hakuna stika kwenye kava. Akaamini. Ulikatikia kwenye taa za barabarani, wakati anaondoka, wala hakuwa kasi. Valvu zilipinda. Aliponiletea mkanda wenyewe, mgongoni ulikuwa umepasuka mistari mistari na upande mmoja umelowa oili. Sili ya kamshafti ilikuwa inavuja, na oili hula raba.

Kwa hiyo ukifungua, usifunge bila kubadili sili za kamshafti, sili ya krenki ya mbele, tenshena (kikaza mkanda), na pampu ya maji. Pampu inazungushwa na mkanda huo huo. Ikifa baada ya miezi, unafungua yote upya. Kitabu cha Marekani kilisema maili 105,000, yaani karibu kilomita 169,000, kwa matumizi ya kawaida. Kwa gari la umri huu mimi sisubiri hapo. Kilomita 100,000 au miaka saba, kinachotangulia.

Boliti ya puli ya krenki itawatoa jasho. Tafuteni kishikio chake maalumu cha pembe sita kinachoingia kwenye puli, msibane kwa bisibisi kwenye meno ya flaiwili.

#8

Wakuu, kwa mwenye uwezo wa kuongeza kidogo, si bora aende CR-V ya pili? Ina cheni, mkanda hakuna.

#9

#8, ninalo la pili. Ndiyo, injini za K20 na K24 zina cheni, zina nguvu zaidi, na ndani kuna nafasi kubwa. Lakini tapeti zake nazo zinasetiwa kwa mkono, usidhani umekwepa. Difu ya nyuma ni ule ule utaratibu wa pampu mbili.

Udhaifu wake unaojulikana ni kompresa ya AC. Ikisagika, vipande vya chuma vinasambaa kwenye mfumo mzima, na ukibadili kompresa peke yake, mpya inakufa kwa uchafu wa ile ya zamani. Unabadili na kondensa, eksipansheni valvu, na unasafisha mabomba.

La muhimu kuliko hilo: matoleo ya 2002 hadi 2006 yamo kwenye urejeshaji wa mifuko ya hewa ya Takata. Kifaa kinachojaza mfuko kinaweza kupasuka na kurusha vyuma kwa dereva, na watu wamekufa kwa hilo duniani. Chukua namba ya chasisi, iingize kwenye tovuti ya Honda ya nchi gari lilikouzwa mara ya kwanza, uone kama lilishabadilishiwa. Kazi hiyo ni bure. Usilinunue kabla ya kujua.

#10

Mleta uzi, nimefuatilia kimya. Nimekwenda kuliona moja jana na mwenye nalo ni mstaarabu, kakubali nije na fundi. Injini ikiwa sailensi (inanguruma bila kukanyagwa) inatetemeka kidogo, ukikanyaga inatulia. Fundi kapima kompresheni: silinda ya 1, 2 na 4 zinakaribiana, ya 3 iko nyuma kwa zaidi ya kPa 250. Fundi anasema ringi za pistoni zimeisha, niachane nalo. Niachane?

#11 (mleta uzi)

#10, bado. Kwenye vipimo vya Honda, silinda kwa silinda zisiachane zaidi ya kPa 200, na hakuna inayotakiwa kushuka chini ya 930. Kwa hiyo hapo kuna tatizo la kweli. Lakini fundi wako ameruka hatua. Mwambie amwage kijiko cha oili kwenye tundu la plagi ya silinda ya 3, apime tena. Namba ikipanda sana, ringi zina kesi. Isipopanda, hewa inatokea kwenye valvu, na kwa injini hii nashuku valvu ya moshi iliyobana. Omba ruhusa ya kufungua kava ya juu, gari likiwa limelala usiku kucha, mpitishe geji kwenye valvu zote 16. Mwenye gari akikataa, umepata jibu lingine.

#12

Nimerudi, mimi wa #10. Oili haikubadilisha namba. Tumefungua kava leo asubuhi. Valvu za moshi za silinda ya 3, geji ya 0.05 haiingii hata kwa kulazimisha. Za silinda nyingine zimebana pia, ila zinapitisha. Fundi kaseti zote kama ulivyoandika, za moshi 0.20. Kompresheni ya 3 imepanda, sasa iko nyuma ya wenzake kwa kPa 80 hivi. Mtetemo umepungua sana, ila umebaki kidogo. Mwenye gari ameshangaa, anasema miaka yote hakuna aliyewahi kumwambia habari ya tapeti. Kapunguza bei mwenyewe.

#13 (mleta uzi)

#10, hapo umeokoa injini kabla ukingo haujaungua sana. Kiti cha silinda ya 3 kimeshaonja joto, kwa hiyo usisubiri kilomita 40,000. Rudia geji baada ya 5,000. Ukikuta 0.20 imebaki 0.20 au karibu, endelea kwa ratiba ya kawaida. Ukikuta imeshuka tena mpaka 0.10, valvu inaendelea kuzama, na hedi itabidi ishuke viti vikatwe upya. Hilo lijue sasa na uliingize kwenye mazungumzo yako ya bei.

Mtetemo uliobaki, safisha valvu ya hewa ya sailensi na uangalie maji ya rejeta kama kuna hewa ndani, kisha mounti za injini. Na kwenye maelezo yako yote hujataja mkanda. Kama hakuna karatasi yenye tarehe na kilomita, lifikishe nyumbani kwa kulivuta.